Usiilaumu TV Kwanza: Tunausoma Upya Ushauri wa "Video Inakwama"

Leo sichambui kitabu wala makala ya utafiti. Nachambua kitu ambacho hakina mwandishi mmoja, ila nina uhakika umewahi kukisoma: ile orodha ya "njia kumi za kuondoa kukwama kwa video kwenye TV janja". Iko kwenye kurasa za watengenezaji wa runinga, iko kwenye video za mafundi, na siku hizi inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kama dawa ya mafua. Maneno hutofautiana kidogo, lakini mambo ni yale yale: zima rauta uwashe, isogeze karibu na TV, tumia waya, futa kashe, badili DNS, pima kasi, ikishindikana ongeza kifurushi.

Hoja yangu ni moja. Orodha hii haina uongo mwingi, lakini inatafuta ugonjwa mahali ambapo kwa wengi wetu haupo. Inachunguza ndani ya nyumba, wakati njia nyembamba iko nje. Na mtu akiifuata kwa utiifu, inamla hela.

Nilivyokutana nayo

Likizo iliyopita nilikwenda Milepa, kwa baba mdogo. Kama hujafika, Milepa iko Sumbawanga Vijijini, ila usifikirie baridi ya Sumbawanga mjini. Ukitoka mjini uko juu kwenye uwanda wa Ufipa, una sweta. Gari linashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, masikio yanaziba, na ukifika bondeni upande wa Ziwa Rukwa sweta unalikunja unaliweka kwenye begi. Huko ni joto na ni mpunga.

Baba mdogo alikuwa ameuza mpunga akanunua TV janja ya inchi 43. Intaneti anaitoa kwenye simu yake kwa hotspoti, kama wengi wetu. Kila jioni ikawa hadithi moja: video inacheza dakika mbili, kiduara kinazunguka, watoto wanaguna, inacheza tena, kinazunguka tena. Nilipofika, hata chai sijamaliza, akaniambia: "Mwanangu, wewe umesoma haya mambo. Hii tivii wameniuzia mbovu?"

Alikuwa ameshaifuata orodha yote, alitumiwa na kijana mmoja wa pale. Amezima na kuwasha. Amefuta alichoweza kufuta. Amepima kasi mara nyingi hadi bando limeisha, akanunua lingine. Fundi naye alikuwa amemshauri anunue kikuza Wi-Fi, kifaa ambacho kingemla hela ya gunia zima la mpunga. Na kama kikuza kingeshindwa, alishapanga kuiuza TV kwa mwenye banda umiza, kwa hasara.

Kwa hiyo tunaongelea gunia la mpunga na TV ya familia, si usumbufu wa kiduara tu. Ndiyo maana nikaamua kuisoma orodha ile kama ninavyosoma makala ya utafiti: inadai nini, imechukulia nini kimyakimya, na je, inatoa namna ya kujua kama imekosea?

Safari ya video

Kabla ya kuhukumu, tukubaliane video inapita wapi. Inatoka kwenye kompyuta ya kampuni ya video, ambayo huenda iko nje ya nchi au Dar es Salaam. Inapita nyaya za chini ya bahari na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Inafika kwenye mnara. Kutoka mnara inaruka hewani hadi kwenye simu. Kutoka kwenye simu inaruka tena kwa Wi-Fi hadi kwenye TV. Kasi ya safari nzima haiwezi kuzidi kasi ya kipande chembamba kuliko vyote. Ukipanua vingine vyote ukaacha hicho, hujafanya kitu.

TV nayo haiingojei video yote ifike. Tangu mfumo unaoitwa DASH upitishwe kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, huduma nyingi za video hufanya kazi kwa mtindo huu: video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huandaliwa kwa ubora tofauti. Programu huangalia vipande vinaingia kwa kasi gani, halafu huchagua kinachofuata kiwe cha ubora upi. Vinavyowahi kufika huwekwa akiba. Ifikirie akiba hiyo kama kihenge: unakula cha ndani huku mavuno mengine yakiingia. Kiduara kikizunguka, maana yake kihenge kimekauka.

Ndiyo maana mechi ya moja kwa moja hukwama kuliko filamu. Filamu unaweza kuiwekea akiba ya dakika nzima mbele. Mechi hapana, kwa sababu dakika inayofuata bado haijachezwa. Kihenge cha mechi huwa kidogo siku zote.

Sasa tuipime orodha

"Zima uwashe." Hili nalikubali. Ni bure, na kweli programu huchanganyikiwa ikikaa muda mrefu. Kwa anayetumia simu, kuweka hali ya ndege na kuitoa huilazimisha simu kutafuta mnara upya, na wakati mwingine hutoka 3G ikarudi 4G. Alama nzuri.

"Tumia waya badala ya Wi-Fi." Ushauri bora kabisa, kwa mwenye rauta iliyounganishwa na faiba. Baba mdogo aliniuliza waya huo unachomekwa wapi kwenye simu. Hapa ndipo unapoona mwandishi wa orodha amekaa wapi anapoandika. Amekaa kwenye nyumba ambayo njia ya nje ni pana kama barabara kuu na mlango wa ndani ni mwembamba. Kwake tatizo kweli ni Wi-Fi. Kwa mwenye hotspoti mambo yamegeuka: Wi-Fi kati ya simu na TV, chumba kimoja, hupitisha makumi ya megabiti kwa sekunde, wakati mnara jioni unaweza kukupa moja au mbili. Kikuza Wi-Fi hapo ni kupanua mlango wa nyumba ambayo barabara yake ni uchochoro.

"Futa kashe." Husaidia programu inayochelewa kufunguka au TV iliyojaa. Haigusi kasi ya data inayoingia. Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Kiduara kikizunguka, data imekatika. Picha ikirukaruka huku sauti inaendelea vizuri bila kiduara, hapo TV yenyewe inazidiwa na kazi, na kushusha ubora au kufunga programu nyingine kutasaidia. Kwenye orodha zote nilizopitia, dalili hizi mbili zimewekwa kapu moja. Hilo ni kosa kubwa, maana ni magonjwa mawili.

"Badili DNS." DNS ni kama daftari la namba za simu: hugeuza jina la tovuti kuwa anwani. Hutumika hasa mwanzoni, kabla video haijaanza kutiririka. Mara chache huweza kukuelekeza kwenye kompyuta iliyo karibu zaidi au mbali zaidi, kwa hiyo sisemi haina athari kabisa. Lakini kama video inaanza vizuri kisha inakwama dakika ya pili, daftari si mshukiwa wa kwanza.

"Pima kasi." Hapa nina ugomvi zaidi. Kipimo cha kasi hufanya kazi kwa kushusha data nyingi kadiri inavyowezekana kwa sekunde kadhaa. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, sekunde 10 za kushusha ni karibu MB 12.5, bado hujapima upande wa kupandisha. Mtandao ukiwa na kasi zaidi, kipimo kinakula zaidi. Mwenye faiba isiyo na kikomo haoni kitu. Mwenye bando la siku, akipima mara 15, ameshakula sehemu ya kile alichokuwa anakitafuta. Na jibu lenyewe ni la dakika ile tu, tena mara nyingi kutoka kwenye kompyuta iliyochaguliwa kwa sababu iko karibu, si ile inayokuletea video.

"Ongeza kifurushi." Faiba huuzwa kwa kasi, kwa hiyo kuongeza kifurushi huongeza kasi. Bando la simu mara nyingi huuzwa kwa ujazo, yaani GB. Ukinunua GB 20 badala ya 5 umeongeza maji kwenye tangi. Bomba ni lile lile. Neno "kifurushi" ni moja ila vitu ni viwili, na orodha inavichanganya.

Jaribio la bei nafuu

Kukosoa tu ni rahisi. Haya ndiyo tuliyoyafanya Milepa, na unaweza kuyarudia nyumbani leo. Kanuni ni ile ya maabara: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Tulizima TV. Tukacheza video ile ile kwenye simu ile ile inayotoa hotspoti, mahali pale pale, saa ile ile. Ila kuna mtego: simu ikiachwa ijichagulie ubora, huweza kuchagua wa chini, na kwenye kioo kidogo utaona safi ukadhani mtandao ni mzima. Kwa hiyo tuliweka ubora kwa mkono, 720p kote kote. Simu nayo ikakwama. Kwa dakika tano tukawa tumejua kitu ambacho orodha nzima haikumwambia baba mdogo: TV haina kosa, na Wi-Fi haina kosa. Tatizo liko kabla ya simu. Kama simu ingecheza vizuri na TV ikakwama, ndipo tungeanza kuchunguza Wi-Fi na TV.

Baadaye tukaangalia nguvu ya mawimbi. Kwenye simu nyingi za Android iko kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za simu, chini ya hali ya laini. Utaona namba hasi yenye alama ya dBm, na haikuli data. Kwa 4G, namba iliyo karibu na −90 ni nzuri. Ukipita −110 unaelekea pabaya. Simu ilikuwa kwenye kabati, pembeni ya TV, ndani ya nyumba ya bati. Namba: −114. Tukaipeleka dirishani upande wa mnara, tukaangalia tena: −102.

Tofauti ya 12 inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hakiendi kwa kujumlisha. Kila 3 ni kama maradufu. Kwa hiyo 12 ni maradufu mara nne, yaani nguvu karibu mara 16. Bati huzuia mawimbi, na simu kabatini ilikuwa inasikiliza mnara kama mtu aliyejifunika blanketi.

Sasa rudi kwenye orodha: "isogeze rauta karibu na TV." Baba mdogo alikuwa ameitii. Simu alikuwa ameiweka karibu na TV kwa makusudi! Dawa ilikuwa kinyume chake: iondoe simu karibu na TV, ipeleke dirishani, iache Wi-Fi ivuke chumba, maana hiyo inaweza. Ushauri sahihi kwa nyumba moja ulikuwa ndio ugonjwa wa nyumba nyingine.

Sehemu ambayo haitibiki sebuleni

Nisikudanganye kwamba dirisha lilimaliza kila kitu. Ndani ya YouTube kuna kipengele kinachoitwa Stats for nerds, kinachoonyesha kasi ya muunganisho na akiba iliyobaki kwa sekunde, huku unatazama video yako kama kawaida. Tukaandika namba kwenye daftari kwa siku nne, simu ikiwa dirishani. Saa 11 alfajiri kasi ilikuwa juu ya megabiti 6 kwa sekunde. Saa 2 usiku ilishuka hadi kati ya moja na moja na nusu. Simu ile ile, dirisha lile lile, mnara ule ule.

Sababu ni kwamba mnara hugawana uwezo wake kwa wote walio hewani. Kijiji kizima kikitoka shamba na kushika simu saa moja, kila mtu hupata kipande chembamba. Tena minara mingi ya vijijini hupokezana data kwa mikrowevu, mnara hadi mnara, mpaka ifike kwenye mkongo; njia hiyo nayo ina upana wake, na mvua kubwa huweza kuipunguza. Na mnara wa mjini juu ya uwanda hauwezi kumsaidia mtu wa bondeni, kwa sababu ukingo mzima wa mlima umesimama katikati.

Kwa hali hiyo, dawa iliyo mikononi mwako ni moja: omba kidogo zaidi. YouTube inapendekeza takriban megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080p, 2.5 kwa 720p, 1.1 kwa 480p na 0.7 kwa 360p. Hesabu ya bando ni rahisi: megabiti moja kwa sekunde ikiendelea saa nzima ni MB 450. Video ikitumia kasi hiyo yote, saa mbili za 1080p ni GB 4.5, na saa mbili za 480p ni karibu GB 1. Tuliweka 480p kwa mkono, mechi za moja kwa moja 360p. Picha si kali, ila kiduara kikaondoka jioni nyingi, na bando likadumu.

Hata wakubwa walifanya hivyo hivyo

Kama unadhani hii ni dawa ya maskini, kumbuka Machi 2020. Ulaya ilikuwa imejifungia kwa sababu ya korona, kila mtu yuko nyumbani anatazama video, na wakuu wa Umoja wa Ulaya wakaogopa mtandao utazidiwa. Hawakuwaambia wananchi wazime rauta. Netflix ilikubali kushusha kiwango cha data cha video zake Ulaya kwa siku 30, ikisema hilo lingepunguza mzigo wake kwa karibu asilimia 25. YouTube nayo ikashusha ubora wa kuanzia. Yaani njia ya nje ilipoonekana nyembamba, tatizo lilitajwa kwa jina lake na likatatuliwa huko huko.

Na sisi tuna la kwetu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti Tanzania ikadorora kwa siku kadhaa. Siku hiyo ni wangapi walifuta kashe? Ni wangapi waliita fundi? Orodha ingewatuma wote kwenye TV zao, wakati kosa lilikuwa chini ya Bahari ya Hindi.

Hapo ndipo shida kubwa ya ushauri huu ilipo. Unamfundisha mtu kwamba kila kukwama ni kosa lake: hajasogeza, hajafuta, hajanunua. Akishajilaumu, hadai huduma. Na mnara uliozidiwa hauongezewi uwezo kwa sababu mteja wa Milepa amebadili DNS.

Orodha ambayo ningeiandika

Ingekuwa fupi. Kwanza, tofautisha kiduara na picha inayorukaruka. Pili, cheza video ile ile kwenye simu kwa ubora ule ule. Tatu, kama simu nayo inakwama, soma dBm na utafute mahali pazuri zaidi ndani ya nyumba. Nne, angalia nani mwingine yuko kwenye hotspoti yako, kwa sababu simu ya dogo inayojisasisha chumbani ni mteja pia. Tano, shusha ubora kwa mkono. Sita, kama asubuhi ni nzuri na jioni ni mbaya kila siku, acha kuhangaika na TV. Andika tarehe, saa, dBm na kasi, kisha peleka malalamiko kwa mtoa huduma wako. Asipojibu, yapo mamlaka ya TCRA na Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Malalamiko yenye namba za siku nne yana uzito kuliko "mtandao unasumbua".

Baba mdogo hakununua kikuza, na TV bado iko sebuleni. Siku naondoka alikuwa ameipigilia simu kishubaka cha mbao pale dirishani, na daftari limening'inizwa kwenye msumari pembeni. Ana kurasa tatu sasa. Alichoniuliza wakati nasubiri gari la kupanda mjini hakikuhusu TV tena: "Hizi namba, mwanangu, nazipeleka kwa nani kwanza?" Nikamwambia aanze na mtoa huduma wake, na abaki na nakala.